Kitanda Nilichotaka Kwenda Nacho Banalia

Mimi ni mwalimu wa jiografia hapa Kisangani. Watoto wa watu nimewachorea barabara za Banalia, Buta na Isiro kwa chaki nyeupe, nikiwaambia hapa kuna mto, hapa kuna msitu, shikeni vizuri, na mimi mwenyewe kwenda mbele ya Banalia sijawahi. Donc siku gari lile lilipoingia mikononi mwangu, niliona Mungu amenikumbuka kwa jina.

Lilikuwa gari la kulala. Wazungu wawili, mume na mke, walitoka nalo kwao wakitaka kuvuka Afrika nzima, na matope ya barabara ya Buta yakawamaliza hamu. Walipofika hapa walitaka ndege tu. Wakaniachia kwa bei ya gari lililokufa, na kusema kweli lilikuwa limekaribia kufa. Ndani mlikuwa na kitanda kikubwa nyuma, kingine kidogo juu ya kichwa cha dereva, jiko la gesi, meza ya kukunja, tangi la maji, na choo. Choo ndani ya gari! Nusu ya mtaa wetu wa Tshopo ilikuja kukiangalia. Watu walipanga mstari kwenye parsele yangu, uani kabisa, wakavua viatu mlangoni, wakachungulia, wakatoka wanatikisa vichwa.

Mke wangu alingoja watu waishe.

“Papa,” akasema, “umenunua kitanda, umenunua jiko, umenunua na choo. Na wakwe je? Hawakukuuzia na wao?”

Nilicheka sana. Sikusikia alichokuwa ananiambia.

Tulipanga kuondoka likizo kubwa, mimi na yeye, watoto wetu wakiwa wameshakuwa watu wazima. Tungelala kwanza Banalia, kisha tuvuke Aruwimi kwa baki, ile pontoni inayovusha magari. Baada ya hapo Buta, halafu Isiro kwa kaka yake mke wangu, turudi kwa njia ya Nia-Nia na Bafwasende. Kwenye ramani kidole changu kilifika Isiro kabla chai haijapoa. Lakini gari si ramani. Nililijaza tangi maji mpaka juu, gari likainama upande mmoja kama mlevi. Nilijaribu kupika makayabu ndani, milango imefungwa, ili nijizoeze; harufu ya samaki ikalala kwenye godoro juma zima. Friji ilikuwa inapoa ikitaka, na isipotaka ilikuwa sanduku tu. Nikaenda kuwauliza madereva wa malori kuhusu mashimo ya njia ya kaskazini. Wakaja kuliona, mmoja akainama, akatazama chini ya gari, akaniuliza kwa huruma, “Prof, hii yako iko na tumbo namna hii, itapita wapi?” Nikakasirika. Nikalipeleka kwa fundi, akaliinua kwa springi za lori, na kuanzia siku hiyo mke wangu alihitaji kiti ili aingie.

Lakini nilikuwa na raha. Wallahi nilikuwa na raha ya kitoto. Kila jioni baada ya shule nilikuwa humo, napiga misumari, napima mapazia ya kitenge, nafungua na kufunga meza.

Sasa nieleze kuhusu Banalia. Huko anaishi mama yangu mdogo. Mama mzazi alikuwa akifanya biashara kwenye mabarji, vyombo vya mizigo vya mtoni, anapotea miezi, akaniacha kwa mdogo wake tangu sijaota meno ya pili. Yule ndiye aliyenilea mpaka nikaja kusoma mjini. Yeye mwenyewe hakupata mtoto wa tumboni, na mume wake alifariki zamani. Anaishi kwa chungu chake: anapika liboke, samaki wa kufungwa kwenye majani, anauzia wasafiri wanaongoja baki. Na kwetu, mwanamke mzee, mjane, asiye na mtoto, jina lake ni yai, kupasuka ni rahisi. Watu wanaweza kula kwake miaka na miaka wakimsifu, halafu likatoka neno moja tu la uchawi, eti bibi yule chakula chake kina kitu, na basi. Nimeona wanawake wakifukuzwa kijijini kwa neno dogo kuliko hilo. Nilijua. Siwezi kusema sikujua.

Na jambo jingine nililolijua: kwetu msafiri analala kwa watu. Ukipita kwa ndugu hulali nje, hata kama una hoteli mfukoni. Unakula chake, unalala kwake, asubuhi anakusindikiza. Ukikataa chakula, umesema jambo, hata kama mdomo haujasema.

Nikampigia simu nikiwa nimekaa kwenye kitanda changu kikubwa cha nyuma, mke wangu pembeni anashona pazia.

“Mama mudogo! Tunakuja! Na gari yenye nyumba ndani!”

“Eee, mutoto wangu! Karibu, karibu! Chumba nishaanza kutengeneza, nimeweka majani mupya kwa paa. Na jogoo wako iko hapa, ananona tu.”

“Hapana, mama mudogo, usijisumbue bure. Tutalala ndani ya gari. Hata kupika, tutapika sisi wenyewe. Humu iko propre, safi kabisa, hakuna panya, hakuna moshi, hakuna nini.”

Nilisikia mtu akikohoa kule, na mwingine akiguna.

“Bon,” akasema. “Ni sawa, mutoto wangu. Kama iko propre, ni sawa.”

Akakata. Mke wangu alikuwa ameacha kushona.

“Umemwambia nini mama wa watu?”

“Nimempunguzia kazi. Ni mzee yule.”

“Mutu mwenye alikulisha, unamwambia kwako hakuna panya?”

“Nyinyi wanawake mnapenda kutafuta maneno penye hakuna maneno!” nikafoka, nikashuka, nikaenda kukaza skrubu ambazo zilikuwa zimekazwa tayari.

Haikupita juma, kijana mmoja wa pikipiki, anayebeba abiria kati ya Banalia na hapa, akasimama kwenye mlango wa parsele. Nyuma alikuwa amefunga jogoo mkubwa mwekundu, miguu imefungwa kwa kamba ya raffia.

“Prof, mama anasema huyu alikuwa wa kwako. Kwa vile mutapika nyinyi wenyewe, mumupike na yeye.”

Nilimpokea jogoo. Nikamwambia kijana akae anywe maji, akakataa, akazungukazunguka pikipiki yake, mwishowe akasema kwamba kuna neno jingine, ila nisimkasirikie. Siku ile nilipopiga simu, mama mdogo alikuwa amewaita majirani wasikie. Alikuwa ameweka haut-parleur, sauti ya simu itoke nje kwa wote. Mtoto wake mwalimu anakuja na gari lenye nyumba; si alitaka watu wajue? Wakajua. Wote walisikia kwamba mtoto aliyelelewa naye anakuja na chungu chake mwenyewe.

“Sasa watu wanasema,” kijana akaendelea, macho chini, “kama mutoto anaogopa chakula yake, donc iko kitu anajua. Kwa baki hawanunue tena kwake. Liboke anarudi nayo nyumbani.”

Alipoondoka nilikaa kwenye kile kiti cha kupandia, jogoo mikononi. Niliona haya, haya ya kutotaka hata jogoo anitazame. Ningependa kusema nilitaka kumpumzisha mzee wa watu. Ni uongo. Nilipokuwa naongea naye kwenye simu, nilikuwa nafikiria kile chumba chake, paa linavyovuja, panya wanavyokimbia juu ya mianzi, moshi unavyoingia machoni, halafu nikapapasa godoro langu na nikashukuru. Nilikinyanyapaa kitanda cha mtu aliyenilea, na nikamtangazia kwa furaha.

Mke wangu hakuniambia “nilikuambia.” Ingekuwa afadhali. Alisema tu, “Uende. Bila gari. Na jogoo aende na wewe, akapikwe kwa chungu yake, watu wakuone unakula.”

Kesho yake nilipanda pikipiki ya kijana yuleyule, jogoo katikati ya magoti yangu, mpaka Banalia. Nilifika nimejaa vumbi hadi kwenye kope. Mama mdogo alikuwa anafagia. Akaweka ufagio chini, akanipokea jogoo kwa mikono miwili.

“Karibu,” akasema.

“Mama mudogo, nisamehe. Nilisema vibaya.”

“Kosa gani? Hakuna kosa. Ukae, unaonekana umechoka.”

Nikaomba chakula kiwekwe nje, kando ya njia, pale kila anayekwenda kwenye baki lazima apite. Akanitazama kidogo, akakubali. Akapika jogoo yule, na pondu ya majani ya mihogo, na fufu. Nikala. Nilikula kama mtu aliyetoka jela, kwa mkono, kwa kelele, nalamba vidole, nasalimia wapita njia mdomo umejaa. “Mama mudogo, ongeza!” nilipiga kelele, na tumbo likiwa limeshajaa zamani. Mama mmoja wa jirani akasimama kuangalia. Nikamnyooshea sahani: “Karibu, mama, chakula ya mama yangu hii.” Akasita. Nikajua kwamba maisha ya mtu yako kwenye mkono wa huyu mwanamke. Akachukua kipande cha paja, akatafuna polepole, akasema, “Chumvi iko vizuri,” akakaa chini. Baada yake akaja mwingine. Kesho yake mama mdogo alipeleka liboke kwenye baki akarudi na sufuria tupu, na mimi niliingia nyuma ya nyumba nikalia kwa shukrani.

Basi nilidhani tumemaliza.

Lakini alinilaza kwenye kile chumba chenye majani mapya, kwenye shuka jipya ambalo mikunjo ya dukani bado ilikuwa inaonekana. Asubuhi aliniletea chai kwenye sinia, imefunikwa kitambaa. Zamani nilikuwa nakula jikoni pamoja naye, chungu kimoja, nikigusa nyama kabla yake ananipiga kijiko mkononi. Sasa nilipotaka kuingia jikoni alinionyesha sebule kwa mkono. “Kule kuna kiti, mugeni wangu.” Hivyo ndivyo alivyoniita. Nilimtania, akatabasamu kwa heshima. Nikamwambia, “Unitukane basi, mama mudogo, unifokee kidogo.” Akajibu, “Nimufokee mugeni? Watu watasema nini?”

Mke wangu alipiga simu kuuliza tutaondoka lini na gari. Nikamwambia sijui. Barabara ya Buta inapita mbele ya mlango wa mama mdogo, na mpaka leo gari liko kwenye parsele, mapazia yake yametundikwa, na mimi sijui nitalipitisha vipi pale.

Wazee wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mama mdogo mwenyewe alikuwa akipenda kuwaambia hivyo ndugu wavivu waliokuja kwake wakasahau kuondoka, na nyumba nzima inacheka. Siku ya tatu niliamka mapema, nikavaa suruali ya zamani niliyoazima kwa jirani, nikakaa mlangoni. Nilikuwa nangoja jembe kama mtoto anavyongoja kuitwa mchezoni. Akaja na sinia: chai, mkate, na mayai ya kukaanga.

Sikula. Nilizunguka nyuma ya nyumba, nikatafuta jembe mwenyewe, nikaingia shambani kwake, nikaanza kupalilia mihogo. Nilipalilia kwa hasira, jasho linaingia machoni. Nikamsikia anakuja. Akasimama mbele yangu, akashika mpini, akautoa mkononi mwangu taratibu, bila nguvu.

“Acha, mugeni wangu. Uende ukakunywe chai, itapoa.”

Akainama, na mgongo ule wa miaka yote hiyo, akaendelea kupalilia pale nilipoachia.