Mjukuu Aliyekaa Mgongoni Sana

Watoto saba nimelea, na wote walitembea bila kufundishwa. Unamlaza, siku moja unakuta amejigeuza, anakuangalia kama amekushinda mchezo. Halafu anakaa. Anatambaa, anakula mchanga, anashika kiti, basi amesimama. Sikujua kuna mtoto anaweza kukataa.

Huyu ni mjukuu, msichana wa kwanza wa mtoto wangu wa kiume. Kwetu msichana wa kwanza anapewa jina la mama ya baba yake, kwa hivyo huyo ni mimi. Hata baba yake anamwita "mama". Waliniletea huku Manyatta akiwa na miezi sita, kwa sababu mama yake anauza dukani huko Embu mjini. Sasa niambie, ningejiweka mwenyewe chini, kwa baridi na siafu? Nikamfunga mgongoni na leso. Nikichuma majani chai, yuko. Nikikatia ng'ombe nyasi, yuko. Nikipika, yuko, ananivuta masikio. Majirani wakicheka, "Wewe umejibeba," mimi nafurahi.

Akafika mwaka na nusu. Siku ya sindano, sista wa kliniki akamsimamisha kwa meza. Miguu ikajikunja kama majani ya sukuma wiki yamenyauka.

"Cucu," akaniita, yaani nyanya, "huyu anatambaa?"

"Atatambaa wapi? Mimi nambeba."

"Siku yote?"

"Si ni mimi huyo."

Akamgusagusa magoti na mgongo. "Mtoto hana ugonjwa. Shida ni leso. Mweke chini, umrudishe mwisho wa mwezi."

Mama yake kusikia hivyo kwa simu, akaniambia, "Mami, asiposimama hiyo mwisho wa mwezi, namchukua aje huku mjini, mtaa wetu wa Dallas. Kuna mama analea watoto hapo kwa ploti tumepanga." Hakuniongelea vibaya. Hiyo ndiyo iliniuma.

Nikatandika gunia nje, nikamweka. Alilia mpaka kuku wakahama. Mimi niko mlangoni na leso, mikono inataka kufunga. "Lia tu mama," nikamwambia, "hata mimi nalia." Siku ya tatu akachoka, akajivuta na matako kufuata gunzi la mahindi. Wiki ya pili akatambaa. Na mimi nilidhani kubeba ndiyo kazi. Kumbe kazi ni kumfukuza: mtoe kwa moto, mtoe kwa panga, mtoe mavi ya kuku mdomoni. Jioni nilikuwa nalala na viatu.

Jumapili ya mwisho wa mwezi mama yake akaja. Mtoto alikuwa amesimama, ameshikilia ndoo. Mama akachuchumaa mbali kidogo, akanyoosha mikono. Mtoto akaachilia ndoo. Moja, mbili, tatu, akaangukia kifua cha mama yake. Kuniangalia mimi? Hata.

Nikaingia ndani, nikaanza kukunja nguo zake. Mama yake akanikuta hapo.

"Mami, unafunga nini?"

"Si umekuja kumchukua?"

"Nilisema asiposimama." Akazitoa nguo kwa mfuko, moja moja. "Lakini mgongoni hapana tena."

"Mgongoni kwa nani? Na vile amekuwa mzito."

Nikakaa kwa kitanda. Hata nguvu ya kufurahi vizuri sikuwa nayo. Huko nje tukasikia kuku wakipiga kelele, wanafukuzwa.

"Nenda wewe," nikamwambia. "Leo kimbia wewe."