Nyonga ya Bhoke na Hatua Thelathini

Kabla kipande cha kufyeka hakijawa hatua thelathini kilikuwa hatua ishirini, na aliyekiongeza ni Bhoke. Mwenyekiti ndiye aliyetangaza, karani ndiye aliyeandika, lakini Bhoke mwenyewe alijua. Alijua kila asubuhi alipopita mbele ya nyumba ya mama Rhobi na kumwona yule mzee ameshika mwimo wa mlango kwa mikono miwili, anajinyoosha kidogo kidogo kama kisu cha kukunja kilichoshika kutu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Tangulia, nakuja. Mgongo huu bado haujaamka."

Bhoke akatangulia. Hakugeuka nyuma.

Mambo yalianza na fimbo ya chuma ya mume wake. Heche alikuwa amefanya kazi miaka tisa upande wa Kenya, kwenye mashamba ya chai ya Kericho, na kazi yake haikuwa kuchuma chai. Alikuwa anawabebea wazungu mfuko wa fimbo uwanjani kwao, pale wanapocheza gofu, wanapiga kijipira cheupe na kukifuata kwa miguu mpaka kiingie shimoni. Mwaka sabini na nne, ule ambao watu walihamishiwa vijijini, akarudi nyumbani. Alivuka Sirari na sufuria mbili, blanketi, na fimbo moja ya gofu aliyoifunga ndani ya gunia ili askari wa mpakani wasidhani ni silaha. Ilikuwa na mpini mrefu mwembamba, na chini kichwa cha chuma kilichojipinda kama wayo wa mtu.

Watu walicheka. Heche naye alicheka. Lakini jioni, ng'ombe wakishaingia zizini, alikwenda nyuma ya nyumba akapiga ndulele. Zilizoiva zilipasuka na kumrushia mbegu usoni. Mbichi ziliruka mpaka ng'ambo ya mfereji.

Siku moja akamwita mke wake.

"Mama Waitara, hebu shika hii."

"Nishike nini, na ugali uko motoni?"

"Mara moja tu."

Bhoke alishika, akainua, akapiga kwa nguvu zote za mikono. Udongo uliruka. Ndulele ilibaki pale pale inamtazama.

"Unapiga kama unaua nyoka," Heche alisema, anacheka mpaka anajishika mbavu. "Sikiliza. Kule Kericho palikuwa na mama mmoja wa kizungu, mfupi, hafiki hata begani kwangu. Alikuwa anawashinda wanaume wenye mikono kama nguzo. Mimi nabeba mfuko wake, namtazama mikono, sioni kitu. Mwaka mzima natazama mikono. Siku moja nikatazama sketi."

"Ehe! Sasa ndiyo unasema ukweli."

"Acha mzaha wewe. Nikatazama sketi, nikaona inageuka kabla ya mikono. Nyonga ndiyo inatangulia. Mikono inaburutwa tu."

Akamfundisha. Uzito wote uulalie mguu wa kulia wakati fimbo inakwenda nyuma. Halafu, kabla fimbo haijaanza kurudi, nyonga ya kushoto ifunguke kama mlango, uzito uhamie mguu wa kushoto, ndipo mikono ipite. Bhoke alipojaribu alisogea upande mzima mzima. "Hapana," Heche akasema, "huo ni mlango uliong'oka bawaba. Geuka, usisogee." Akabuni na kipimo chake. Kila Bhoke alipomaliza kupiga, alitakiwa abaki amesimama vile vile, na Heche aliinama kulivuta katambuga la tairi la mguu wake wa kulia. Likitoka bila Bhoke kuyumba, basi uzito umehama. Likikwama chini ya kisigino, bado.

Jioni nane lilikwama. Jioni ya tisa likatoka kama jani, na ndulele ikapaa, wala hawakuisikia ilipoangukia. Bhoke alisimama na mguu mmoja mtupu, anacheka kama msichana. Hakuwa amecheza mchezo wowote tangu aolewe.

Basi wiki ile ile alikuwa shamba la ujamaa. Nyasi zilikuwa zimefika kifuani, na kila mtu alipimiwa kipande chake cha kufyeka, hatua ishirini. Mkono wa kulia ulipomchoka, alishika fyekeo kwa mikono miwili bila kuwaza, na mwili ukakumbuka wenyewe. Uzito kulia. Nyonga. Uzito kushoto. Nyasi zililala chini kama zimeambiwa.

"Mama Waitara!" Arafa alimwita kutoka kipande cha pili. Arafa alikuwa mke wa fundi cherehani aliyehama kutoka Tarime mjini, na mdomo wake haukuwa na likizo. "Unafyeka au kuna litungu linapigwa sisi hatulisikii? Maana kiuno hicho, dada, kina ngoma ndani."

"Fyeka zako, Arafa."

"Nafyeka, lakini macho yangu nayo yana kazi."

Saa tatu Bhoke alikuwa amemaliza. Wengine walimaliza saa saba. Ikawa hivyo siku ya pili na ya tatu, na siku ya nne mwenyekiti wa kijiji, bwana Athanas, akaja na fimbo yake ya kupimia, akatembea juu ya nyasi zilizolala huku anatikisa kichwa.

"Mama, hii kazi unaionaje? Si ngumu?"

Hapo ndipo palipoharibika. Bhoke angeweza kusema yote. Lakini angeanzaje? Aseme amejifunza kufyeka kwa kucheza na mume wake jioni mchezo wa mabepari, wakati kila mkutano mabepari wanalaaniwa? Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo hakumwambia hata Heche. Watu walikuwa wamesimama wanamtazama, na utamu wa kutazamwa vile hakuwahi kuuonja.

"Si ngumu, mwenyekiti," alisema. "Yeyote anaweza."

Jumamosi, kwenye mkutano, Athanas alimsimamisha mbele ya kijiji kizima wakampigia makofi. Kisha akasema, kwa vile mama mmoja wa kawaida, mwenye mtoto mgongoni, anamaliza saa tatu asubuhi, kipande kitakuwa hatua thelathini. Asiyemaliza mara tatu, jina lake litasomwa mkutanoni katika orodha ya kupe. Makofi yakapungua. Bhoke akaketi, akaangalia miguu yake.

Mama Rhobi alikuwa mjane, hana mtoto aliyebaki. Mwaka ule wa kuhama, Bhoke alipofika kijijini na kichanga cha siku kumi na mvua inanyesha, Heche akiwa bado njiani kutoka Kenya, Rhobi alihama kwenye kitanda chake cha kamba. Akalala chini kwa majuma matatu. Asubuhi alipika uji wa wimbi, anaupuliza mwenyewe kabla hajampa, kama Bhoke ndiye mtoto. Tangu hapo alimwita mwanangu, na hakuna aliyeshangaa.

Sasa mama Rhobi alikuwa ameshindwa kumaliza mara mbili.

Bhoke alijaribu kulipa kwa njia za pembeni. Alimpelekea maziwa mgando. Alimchotea maji. Akimaliza kipande chake alitaka aingie cha Rhobi, lakini karani alikuwa mkali, kila mtu na chake. Usiku nao haukuwa na usingizi wa maana. Alijigeuza, na kila alipojigeuza nyonga ilimkumbusha.

Ijumaa jua lilikuwa kali. Bhoke alimaliza, akaweka fyekeo begani, akapita kando ya kipande cha Rhobi. Kwanza alidhani hakuna mtu. Halafu akaona nyasi zinatikisika. Mama Rhobi alikuwa amepiga magoti. Alikuwa anafyeka huku amepiga magoti, anajivuta mbele kidogo, anafyeka, anajivuta. Kitambaa cha kichwa kilikuwa kimeanguka nyuma yake na hakuwa amekiona.

Bhoke alikiokota. Akashindwa kumpa. Akakitundika juu ya kijiti, akaenda zake.

"Mfundishe," Heche alisema alipoambiwa. "Kwani ni siri ya nani?"

Jioni ile akaenda kwa Rhobi na fimbo ya chuma ndani ya gunia lake. Akamweleza kama alivyoelezwa. Rhobi alisikiliza kwa makini, akasimama uani, akashika fimbo, akaupeleka uzito mguu wa kulia. Mguu ukakataa. Alikunjamana upande ule, na Bhoke akamdaka kabla hajafika chini.

"Nyonga hii ilipigwa na fahali kabla wewe hujazaliwa," Rhobi alisema. "Haigeuki. Natembea nayo tu kwa kubembelezana." Akaketi kwenye kigoda, akaitazama ile fimbo. "Kumbe ndicho ulichokuwa unafanya kule shambani."

"Ndiyo, mama."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu mwezi wa pili."

"Na mwenyekiti akakuuliza, ukamwambia yeyote anaweza."

Kuku alipita katikati yao, akadonoa kitu, akaondoka.

"Mimi nilikuwa nadhani ni uzee," mama Rhobi alisema taratibu. "Nilikuwa najilaumu kwamba nimekuwa mvivu."

Hakumfukuza, hakumlaani. Bhoke alitamani afanye kimojawapo.

Jumamosi mkutano ulifanyika kwenye ghala la kijiji. Karani alisimama na karatasi ya kupe, na jina la mama Rhobi sasa lilikuwamo. Kabla hajafungua mdomo Bhoke alisimama pia, na gunia mkononi.

"Mwenyekiti, naomba kusema."

"Subiri orodha isomwe, mama."

"Nikisubiri sitasema."

Watu wakageuka. Akatoa fimbo. Arafa alikuwa wa kwanza kuguna. Bhoke akaeleza yote: Kericho, ndulele, nyonga, katambuga. Alisema kazi ile ni ngumu, na kwamba yeye alidanganya alipoulizwa, kwa sababu alipenda kusifiwa.

"Mchezo wa mabepari!" mmoja alipiga kelele kutoka nyuma.

"Bepari gani anapiga ndulele?" Arafa akajibu, na ghala likacheka.

Athanas hakucheka. Alinyoosha mkono. "Lete hiyo." Walitoka nje wote. Kijana mmoja alichuma ndulele akaiweka chini. Mwenyekiti alikuwa mwanaume wa kifua, akainua fimbo juu kabisa, akapiga. Udongo ukamrukia karani. Ndulele ilibaki inamtazama kama ilivyomtazama Bhoke siku ya kwanza. Akapiga tena. Mara ya tatu alipomaliza Bhoke aliinama mbele ya watu wote, akalivuta katambuga lake la kulia. Lilikuwa limekwama kama limepigiliwa msumari.

"Mwenyekiti, uzito wako wote uko huku nyuma," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Mimi ilinichukua jioni tisa, na nina mtu wa kunifundisha. Mama Rhobi hata akifundishwa mwaka, nyonga yake haigeuki. Jana alifyeka kwa magoti. Mimi nilimwona, nikapita."

Athanas aliutazama mguu wake, kisha akamtafuta Rhobi kwa macho. Rhobi alikuwa anaangalia pembeni, upande wa vilima.

"Mzee asiyeweza atapewa kuchambua mbegu," alisema mwishowe. "Karani, futa jina hilo. Wengine hatua ishirini na tano, na huyu mama awafundishe. Fimbo hii itakaa ofisini."

Kwa hiyo hawakurudi ishirini. Na fimbo haikurudi kwa Heche. Alisema si neno, chuma tu kile, lakini jioni ng'ombe wakishaingia alikuwa anakwenda nyuma ya nyumba kama zamani, anasimama, mikono mitupu, anageuza nyonga mara moja mbili, halafu anarudi ndani. Bhoke alimwona pia.

Mama Rhobi aliendelea kuitikia shikamoo yake. "Marahaba," basi. Neno lile la pili, mwanangu, halikufuata tena. Maziwa aliyapokea, kibuyu alikirudisha kimeoshwa vizuri sana, kama unavyorudisha cha mgeni.

Mwezi uliofuata wanawake walipanga mstari shambani, mafyekeo mikononi, na Bhoke akipita nyuma yao akiinama, anavuta makatambuga. Rhobi alikuwa ameketi pembeni na ungo wa mbegu mapajani. Alikuwa anachambua bila kutazama mikono. Macho yake yalikuwa kwenye miguu ya watu.

"Mama Waitara," aliita ghafla.

Bhoke alishtuka. "Naam, mama."

"Huyo Arafa anakudanganya. Amelegeza kamba makusudi. Uzito bado uko kulia."

"Haki ya Mungu mama huyu!" Arafa alilia. "Umri wote huo na macho ya mwewe!"

Wanawake wakacheka. Bhoke aliinama, akalikaza katambuga la Arafa, akavuta. Kweli, lilikwama. Alibaki ameinama pale muda kidogo zaidi ya ilivyohitajika, anasubiri kama kuna neno jingine litakalotoka upande wa ungo. Alisikia mbegu tu, zikidondoka moja moja, njema huku, mbovu kule.

"Rudia," akamwambia Arafa. "Anza na nyonga."