Subira na Sombe ya Mke Mwenza

Subira, muuza mawese wa Kasongo, aliacha kula chakula cha mke mwenza wake, Mounira. Mume wao Iliasi alipofariki, wajane wawili walibaki katika lupango moja, ua wa nyumba zao, wote wakinywa dawa za virusi vya ukimwi, na dawa zikawashika vizuri. Kisha Subira, aliyekoma hedhi zamani, akaanza kutoka damu.

"Nimewekewa kitu," aliniambia, mimi jirani yake. "Virusi vimelala. Sasa hii damu inatoka wapi, kama si kwa sombe ya Mounira, hayo majani ya muhogo anayonipikia?"

Kwetu anayepakua huonja kwanza, kuondoa shaka. Mounira akaonja mbele yake.

"Mwenye sumu anajua upande wa sahani wa kuonja," Subira akasema.

"Basi yaya, mkubwa wangu, chagua wewe upande, mimi nile."

Subira akasukuma sahani.

Akaenda Lusangi kwa mtu anayetapisha sumu. Huyo akamwambia vidonge vinapigana na mizizi yake, aviache. Akaviacha. Alitapika mpaka macho yakaingia ndani, na damu ikazidi, sasa ikiwa na harufu.

Nilimsihi kwa jina la Mungu twende kwa Clémentine, muuguzi wetu. Hata kule alikataa kulala kitandani. Hiyo siki ya kupakwa ndani ili kidonda kionekane, nani alijua imechanganywa na nini? Clémentine, mtoto wa hapahapa, akaidondosha kwenye ulimi wake mwenyewe, akameza. Ndipo Subira akalala.

"Mama, hakuna mutu aliyekuwekea kitu," Clémentine alisema baadaye. "Iko kidonda kwenye mulango wa kizazi, na ninaogopa ni kansa. Mwenye virusi inamufikia upesi kuliko wengine, hata kama anakunywa dawa vizuri. Rudia vidonge leo. Inabidi wakupime Bukavu."

"Itapona?"

"Ikishikwa mapema, inapona. Yako sijui. Na mwenzako, umulete nimuangalie mbele haijaanza kumusumbua."

Tulimkuta Mounira akitwanga sombe.

"Muganga Clémentine anakuita," Subira akamwambia.

"Ananiitia nini? Umemwambia nini juu yangu?"

"Nilikusingizia, hiyo kweli. Lakini kwake ukaangaliwe. Mimi Bukavu siendi mpaka uangaliwe."

"Sasa umeanza kunipenda?"

Subira akaketi mlangoni, mkono tumboni. Mounira akanawa, akajifunga kitenge cha kutokea. Njiani alimwambia Subira atangulie. Hakutaka kumweka nyuma yake mtu aliyemsingizia sumu.