Gari la Mirihi, Saa Kumi Jioni

Nilipopangiwa kufundisha shule ya msingi kusini mwa Tanga, mbele kidogo ya Tongoni, niliteremka kutoka Lushoto na begi moja na ndoo. Ndani ya ndoo mlikuwa na gari la roboti nililoliunda mwenyewe: mota mbili za redio ya kaseti kuukuu, magurudumu ya vifuniko vya makopo, na kibao cha saketi kinachopokea amri kutoka kwenye kompyuta yangu. Nilikuwa nimeapa kwamba darasa langu la sita halitakariri sayari kama majina ya vituo vya basi.

Siku ya kwanza nikawaambia wanafunzi kwamba magari ya huko kwenye sayari ya Mirihi hayana dereva. Ujumbe kutoka duniani huchukua dakika kadhaa kufika, kwa hiyo unaliandikia gari amri zote kwanza, kisha unakaa unangoja. Wakaandika: mbele hatua tatu, kulia, mbele tena. Nikaziingiza kwenye kompyuta, gari likatambaa uwanjani na kutumbukia kwenye shimo la kaa. Tulicheka sote. Nikatangaza klabu, Jumatatu na Jumatano, saa kumi jioni.

"Mtakuja?"

"Ndiyo, mwalimu."

Jumatatu hakuja mtu. Jumatano alikuja msichana mmoja wa dawati la mbele, akakaa dakika kumi anatazama mlango, kisha akaomba ruhusa ya kwenda kunywa maji. Mpaka leo anayanywa.

Niliumia. Mimi nina hasira za karibu, na pale kijijini sikuwa na wa kummwagia. Kwa wiki tatu nilifungua darasa saa kumi, nikaliendesha gari peke yangu mpaka ukutani na kurudi. Watu walinisalimu vizuri mno, wakauliza habari za kazi, za nyumbani, za afya, kisha wakapita zao. Afadhali ningenuniwa, ningekuwa na wa kumlaumu. Wiki ya nne niliandika barua ya kuomba uhamisho, nikampa mwalimu mkuu kabla moyo haujapoa.

Aliyenifumbua macho ni mama mwenye nyumba niliyopanga, mtu mzima wa palepale. Asubuhi moja nilimpa shikamoo, akaniuliza mbona nimekonda hivyo. Nikamweleza habari ya klabu.

"Mwanangu, saa kumi wana wote wako madrasa."

"Mbona hawakuniambia?"

"Weye ndiye mwalimu, na saa ushaipanga. Mtoto akupinge?"

Niliona aibu. Adhana ya alasiri nilikuwa naisikia kila siku, na sikuwahi kujiuliza watoto huelekea wapi baada yake. Nikaihamishia klabu Ijumaa, siku madrasa inapopumzika. Walikuja kumi na tisa. Yule msichana wa maji aliandika mistari kumi na miwili ya amri, gari likalizunguka shimo la kaa na kusimama mbele ya miguu yake, na wenzake wakaanza kugombania kalamu. Niliingia darasani kidogo nikajifanya natafuta chaki.

Mwezi uliofuata barua yangu ilijibiwa. Ombi limekubaliwa, niende Korogwe.

"Ukitaka kubaki," mwalimu mkuu aliniambia, "andika nyingine wiki hii, nitaipitisha."

Nilitaka kubaki. Lakini nilitaka pia mtu aniambie nibaki, maana nilikuwa nimechoka kujialika mwenyewe. Nikajiwekea sharti: mtoto mmoja tu akisema nisiondoke, naandika. Ijumaa nikawapa habari.

Mmoja akauliza kama gari litabaki. Nikasema litabaki. Yule msichana akalipangusa mchanga kwa ncha ya mtandio wake, taratibu, gurudumu moja moja, bila kuinua uso.

"Sawa, mwalimu," akasema, na wengine wote wakasema sawa.

Nilikuwa nimeshajifunza jinsi watoto wale wanavyomjibu mwalimu aliyekwisha kupanga. Nilijua ile sawa ilikuwa imeficha nini, lakini sharti langu lilitaka lisemwe, na barua ya pili sikuiandika. Jumapili nikapanda basi.