Kandolo ya mama na kompyuta iliyohesabu mbili

Shida ilianza mwaka 1992, nikiwa na miaka ishirini na tatu. Wenyeji wa Katanga walituambia turudi kwetu Kasai. Mimi nilizaliwa Manika, hapa Kolwezi; Kasai nilikuwa naisikia tu. Asubuhi ya kwenda stesheni mama alikata kamba za viazi vitamu, vile sisi tunaviita kandolo, akazifunga katika kitambaa chenye maji. Shina lilibaki shambani. Mama alifia ndani ya treni. Mdogo wangu alibeba kile kitambaa mpaka Kasai, akapanda.

Hali ilipotulia, mimi nilitangulia kurudi Kolwezi. Nyumba ilikuwa imebebwa yote, hata mabati. Jirani yetu, mama mmoja wa kaskazini mwa Katanga, alinipeleka nyuma ya jiko lake. Kwa heshima aliniita tata, yaani baba.

"Tata, hii ni kandolo ya mama yenu. Batu baliiba bitu yote, miye nikahamisha hii."

Nilikula, nikamwamini. Sikuwa na sababu nyingine ya kumwamini ila ladha ile.

Mdogo wangu aliporudi na kamba zake, alicheka. "Yaya, kaka yangu, anakudanganya. Huyu alikula bitu ya batu, sasa anajisafisha na kiazi." Alisema hivyo mbele ya watu, tukitoka kanisani. Tangu siku hiyo mama yule akawa anakaa benchi la nyuma, peke yake.

Ndipo akaja binti wa chuo kikuu, anakusanya majani ya kandolo apime tuna aina ngapi, kabla machimbo ya Mutoshi hayajameza mashamba. Nilimpa majani ya mdogo wangu na ya jirani. Akatuletea jibu la kompyuta: ni mimea miwili tofauti. Mdogo wangu alipiga makofi. Jirani alikuwa upande wa pili wa uzio. Alisikia, akaingia ndani, akafunga mlango.

Baada ya majuma kadhaa binti alirudi mwenyewe, uso umeshuka.

"Tata, nilikosea. Ile programu ya kompyuta ni ya viumbe vyenye mafungu mawili ya urithi, kama sisi: moja la baba, moja la mama. Kandolo ina sita. Programu ilisoma mawili, mengine ikayakisia ovyo. Nimerudia na ingine, inayohesabu sita. Ni mmea mmoja."

"Usiniambie mimi," nikasema. "Kamwambie mwenyewe."

Tukaenda sote watatu, mimi, yeye na mdogo wangu. Jirani alisikiliza huku anamenya mihogo. Mdogo wangu akabisha kidogo, ndivyo alivyo. "Mutu ana mbili, kiazi sita?"

"Ndiyo maana kinakupita akili," jirani akamjibu.

Mdogo wangu alikuwa wa kwanza kucheka. Kisha akavua kofia, akamwomba radhi. Jumapili ile alimfuata benchi la nyuma, akamleta mbele, watu wote wakiona.

Niliacha shule mwaka wa tatu. Leo nina nyumba ya matofali yenye vyumba vinne. Nina pikipiki mbili za taksi, mbuzi, shamba la mahindi njia ya Mutshatsha. Nina matuta ya kandolo nyuma ya jiko la jirani, na mlango katika uzio, alioutoboa mdogo wangu.