Wakiuru Alivyounga Mkono Kuongeza Thamani

Wakiuru wa Kahiga, Mama Muriithi kwa wenzake, alichambua kahawa miaka thelathini na mmoja kwenye meza za kiwanda cha ushirika, upande wa Kianyaga. Punje iliyotobolewa na mdudu aliitoa bila hata kuitazama. Mwenzake wa meza alikuwa Mutanu, mjane kutoka Kitui, asiye na mti hata mmoja wa kahawa. Kibarua hicho ndicho kilichomweka mjini. Wakiuru yeye alikuwa mwanachama, mwenye shamba na namba yake ya kupimia kahawa, na hakuwaacha watu wasahau.

Neno lenyewe lililetwa na kijana Griffins, afisa kutoka Nairobi. Aliinua kopo lililotoka ng'ambo. "Hii ni kahawa yenu. Imeenda mbichi, imerudi imekaangwa na kusagwa. Mkikaanga wenyewe hapa, huko ndiko kuongeza thamani."

Wakiuru alilielewa siku hiyo hiyo. Lilikuwa neno zuri, lenye kichwa na miguu.

Lakini neno likipita midomo mingi huchakaa kama sweta ya kuazimana. Mhubiri akataka waumini waongeze thamani ya sadaka. Mama wa mandazi akaandika kwenye ndoo yake "mandazi iliyoongezwa thamani", na mandazi yenyewe yakazidi kuwa madogo. Siku ya mahari ya Anita, binti wa jirani, mjomba wake akasimama: ati msichana ameongezwa thamani chuo kikuu, basi mbuzi nao waongezeke. Watu wakacheka. Habari ya kukaanga kahawa hakuna aliyeitaja tena.

Katika mkutano mkuu wa mwaka, mwenyekiti Mutahi alisoma pendekezo: chama kinunue mtambo wa kuongeza thamani. Mzee mmoja akalitoa rasmi.

"Nani anaunga mkono?"

Wakiuru akarekebisha kitambaa chake cha kichwa, akasimama mbele ya wanaume wote.

"Mimi, Wakiuru wa Kahiga, naunga mkono! Tumechoka kuuza kahawa mbichi!"

Alipigiwa makofi, na karani akaandika jina lake. Hakuuliza ni mtambo wa nini.

Mtambo ulifika mwezi wa tatu. Haukukaanga hata punje moja. Ulikuwa wa kuchambua. Wanawake kumi na wanne wakaambiwa Ijumaa kwamba Jumatatu wasirudi.

Wakamwendea Mutahi, Wakiuru akiwa mbele. Mutahi hakubishana. Alifungua kitabu cha mikutano, akaweka kidole.

"Mama, hii si jina yako?"

"Ni yangu, lakini nilidhani..."

"Hapa hakuna mahali ya kuandika ulidhani."

Mutanu, ambaye hakuwa mwanachama na mkutanoni hakuwepo, akamtazama Wakiuru. "Kumbe ni wewe." Akatoka nje.

Siku tatu Wakiuru hakulala vizuri. Ya nne akaenda kwa Mutanu, akamkuta akifunga vyombo kwenye gunia.

"Usiende. Njoo uchume kahawa kwangu."

"Mama Muriithi, wewe uko na miti mia mbili. Hiyo ni kazi ya wiki mbili. Halafu nikule nini, majani?"

"Sikujua, Mutanu. Mungu ananiona."

"Ungejua. Mimi nilikuwa nafagia ofisi. Picha ya hiyo mashine ilikuwa kwa ukuta kutoka Krismasi, na wanawake kwa meza wamekatwa na alama ya X." Alikaza kamba ya gunia. "Ungeniuliza tu, ningekuambia. Lakini wewe huwezi kuuliza mtu hana namba."

Miaka kumi na tisa meza moja, na kweli Wakiuru hakuwahi kumuuliza chochote ila saa.

Godoro lilikuwa bado mlangoni. Wakiuru akalifunga kwa ukanda, akautia ukanda kwenye paji la uso kama alivyobeba kuni usichanani, akainuka nalo mgongoni, mama wa miaka sitini na minane. Mutanu alimtazama, akachukua gunia lake, akatangulia njia ya stendi. Hakusema asante. Wala hakumwambia atue.