Mama Amina aliniambia nivue buti

Nimemukosea Mama Amina, ule mama anachunga watoto wetu hapa kwartie, mutaani kwetu.
Munitukane tu.

Leo natoka kuchimba zahabu Lusangi, napita kwake kuchukua binti yangu Zawadi.
Mutoto ananiona, anajificha mu kikwembe ya Mama Amina.
Mimi baba yake!

Na yeye ananiambia: "Papa Zawadi, vua buti, ubakie inje. Ile merkiri, zebaki ya kukamatia zahabu, inabakia mu udongo ya buti, ni sumu kwa batoto."

Wivu ikanishika mupaka roho inawaka.
Nikachukua mutoto, nikapita sokoni nikasema: "Ule mama anatuzarau siye wachimbaji. Na watoto anachunga wako wachafu!"
Wamama wawili wakaenda kutoa watoto wao palepale.
Nilifurahi, kweli.

Nafika nyumbani, navua buti mulangoni. Kugeuka hivi, Zawadi analamba udongo ya buti.
Bibi yangu, mama yake Zawadi, akamupokonya: "Kwa Mama Amina hangeifikia!"
Tumemukimbiza dispanseri, wanamuangalia.

Hata sasa wivu ingaliko.
Lakini Ijumaa, kisha sala, nitasimama sokoni mbele ya wale wamama wawili, niseme nilidanganya, niwaombe warudishe watoto kwa Mama Amina.